LSD (difu ya kupunguza utelezi) ipi kwa gari la kila siku: yanayojitokeza difu ikifunguliwa

Gari linaloshuka Kololo asubuhi kwenda kazini, Ijumaa jioni likashika njia ya Kisoro au Kaabong, lina difu moja ya nyuma, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, na hiyo moja ndiyo itakayobeba kazi zote mbili. Wengi huchagua difu kwa hasira ya lile tope lililowalaza njiani msimu uliopita, kisha mwaka mzima wanaishi nayo kwenye lami yenye maji, mizunguko ya Kampala na maegesho yenye kona za kubana. Gari la mashindano au la shambani ni mazungumzo mengine. Hapa ni Prado, Hilux, Surf, Land Cruiser na Patrol zinazopeleka watoto shule na wikendi zinatoka nje ya lami.

Tuanze na difu ya kawaida, ile isiyo na kitu ndani zaidi ya gia za spaida, gia ndogo za katikati. Utasikia ikisemwa kwamba inapeleka nguvu zote kwenye gurudumu linaloteleza. Sivyo. Inagawa sawa kwa sawa wakati wote, ila gurudumu lililo kwenye tope haliwezi kupokea zaidi ya tope linavyoruhusu, na mwenzake anapewa kiasi hicho hicho. Tuseme tairi la kushoto liko kwenye utelezi unaohimili nyutoni-mita 400 tu (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). La kulia liko kwenye changarawe kavu na lingeweza kusukuma mara nne ya hapo, lakini litapata 400. Jumla 800, gari halitoki. Na dereva akizidi kukanyaga mafuta, gia za spaida zinazunguka kwenye pini yake kwa kasi ambayo hazikuundiwa, utando wa oili unakatika, pini inaungua na kukwaruzika. Difu nyingi zinazofika gereji zikiwa vipande vipande zilianza kufia hapo, dakika chache za kuzungusha tairi moja bure, hata kama mlio ulikuja kusikika miezi baadaye.

LSD ya gia, jamii ya Torsen na Truetrac, haina pleti za kusuguana. Ndani yake kuna gia za meno ya mshazari zilizolala kwenye vishimo vya kasha. Mzigo ukiingia, meno yanasukumana na gia zinajibana kwenye kuta za kasha. Msuguano huo ndio unaopeleka nguvu upande wenye mshiko. Nyingi za aina hii huweza kuupa upande huo mara mbili na nusu hadi tatu na ushei ya kile kinachobebwa na upande unaoteleza. Tukichukua tatu, mfano wetu unakuwa 400 kushoto na 1,200 kulia, jumla 1,600. Gari lile lile, tope lile lile, msukumo mara mbili.

Udhaifu wake umo ndani ya hesabu hiyo hiyo. Gurudumu likining'inia hewani linabeba sifuri, na sifuri mara tatu ni sifuri. LSD ya pleti, ile inayotumia pleti za kusuguana, ina nafuu kidogo hapo, kwa sababu springi zake zinazibana pleti hata kabla mzigo haujaingia, hivyo mwenzake aliye chini anabakiziwa kitu. Kitu chenyewe hakitoshi kulitoa Land Cruiser lenye mizigo kwenye korongo. Anayekuambia LSD yoyote ni sawa na difu loki, ile inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, mwache auze.

Kwa gurudumu la hewani kuna tiba isiyogharimu kitu. Vuta hendibreki meno mawili matatu, weka mafuta kidogo na kwa utulivu, usipampu. Breki inalipatia lile gurudumu la hewani mzigo wa kupigana nao, na difu ya gia inauzidisha kwenda upande wa pili. Kwa Prado na Hilux inawezekana kwa sababu hendibreki zao zinashika magurudumu ya nyuma. Land Rover Defender na Patrol nyingi za zamani zina hendibreki inayoshika shafti inayotoka kwenye transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma), hivyo ukivuta unazuia magurudumu yote kwa pamoja na hujasaidia lolote. Huko tumia breki ya mguu, polepole, kwa mguu wa kushoto. Prado zenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia utelezi hufanya jambo hilo zenyewe, kila gurudumu kwa breki yake, na mfumo huo unaelewana vizuri sana na LSD ya gia.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Barabara ya moramu iliyopitiwa na greda ina mgongo katikati na inainamia mitaro pande zote mbili. Mvua ikinyesha, ngozi ya juu inageuka sabuni huku chini bado pakavu na pagumu. Gari lenye difu ya kawaida likipoteza mshiko hapo, gurudumu moja la nyuma linazunguka bure, na la pili, kwa kuwa halizunguki kupita kiasi, linaendelea kushikilia mkia. Ukifunga LSD, yote mawili yanaweza kuzunguka bure kwa pamoja, na tairi linalozunguka bure halina nguvu ya kulizuia gari kwenda kando. Mkia unaanza kufuata mwinamo wa barabara, taratibu, kuelekea mtaroni. Usukani unaugeuza na hakuna kinachobadilika. Kwenye zile njia za Kigezi zenye ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, hilo si jambo la kujifunzia ukiwa na abiria.

Kinga yake ni mguu mwepesi, gia ya pili badala ya ya kwanza, na kuingiza fowili kabla ya mteremko au mpando, ili mbele pavute badala ya nyuma kusukuma peke yake. Lakini aina ya difu nayo ina uzito wake hapa. LSD ya gia isipokuwa na mzigo iko karibu kabisa na difu ya kawaida, na ikianza kushika inashika kidogo kidogo. Pleti zilizokazwa sana zinashika wakati wote. Difu loki ya kujiendesha, ile inayofunga na kufungua yenyewe kama Detroit Locker, inaweza kubadili tabia katikati ya kona ukiachia mafuta. Kwa gari la kila siku hiyo ya mwisho naikataa bila kusita: kwenye mzunguko wa lami iliyolowa itakugongea mlio chini ya kiti na kusogeza mkia kidogo, na siku hiyo hiyo kuna bodaboda kila upande.

Ardhi nayo isemwe ilivyo. Udongo mweusi wa Karamoja ukilowa unajaza meno ya matairi yote manne mpaka yanakuwa laini. Hapo magurudumu yote yana mshiko mbaya ulio sawa, na difu ya aina yoyote haina cha kuhamisha. Kinachokutoa ni tairi la tope lenye meno yaliyoachana na subira ya kungoja jua. Mchangani ni upepo wa tairi: shusha hadi psi 18 au 20, endesha polepole, ujaze tena kabla ya lami. Mahali LSD inapolipa pesa yake ni moramu yenye mashimo, mpando wenye mawe yaliyolegea, ukingo mmoja mkavu na mwingine umelowa, na kuvuta trela kutoka kwenye nyasi zenye umande. Yaani barabara nyingi za wilaya. Makorongo ya miteremko ya Elgon yanayoinua gurudumu moja la nyuma na moja la mbele kwa mkupuo ni kazi ya difu loki ya swichi, iwe ya umeme ya kiwandani au ya hewa kama ARB. Ukiwa kwenye lami unaizima, na difu inarudi kuwa ya kawaida.

Kabla ya kununua chochote, jua ulichonacho. Prado na Surf za kutoka Japani zilikuja na difu tofauti hata kwa modeli moja: nyingine LSD ya pleti, nyingine difu loki ya umeme, nyingine hazina kitu. Kibao cha chuma chenye namba ya fremu kina pia msimbo wa ekseli, na muuza spea mzuri wa soko la Kisekka, Kampala, ataisoma kwenye katalogi. Ila kibao kinasema gari lilivyozaliwa. Magari mengi ya umri huo yameshabadilishiwa difu nzima kwa mtumba, na aliyeifunga alitafuta iliyolingana, si iliyofanana. Ndiyo maana lazima upime kwa mkono.

Weka gari mahali tambarare, kabari magurudumu ya mbele, gia nyutro, hendibreki imeachiwa, kisha inua ekseli ya nyuma yote juu ya stendi mbili. Zungusha tairi moja kwa mkono. La pili likigeuka kinyume kwa ulaini, una difu ya kawaida au LSD ya pleti iliyokwisha. Likifuata upande ule ule, na mtu wa pili akilishika unahisi ukinzani mzito, pleti bado ziko hai. LSD ya gia inaweza kugeuka kinyume hata ikiwa mpya, kwa sababu hapo haina mzigo. Usiihukumu kwa kipimo hiki. Na gari ambalo huna uhakika nalo usiliinue gurudumu moja tu la nyuma kisha ukawasha na kutia gia ili usikilize beringi. Likiwa na LSD au loki, gurudumu lililo chini litalisukuma gari litoke kwenye jeki na fundi yuko chini yake. Gereji za kando ya barabara wanafanya hivyo kila siku.

Ukikuta LSD ya pleti iliyochoka, kuna hoja ya kuifufua badala ya kuitupa. Seti ya pleti na washa ni rahisi kuliko difu mpya, na gari linabaki kama kiwanda kilivyokusudia. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili ya LSD kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu zinaungua nyuso zake dakika za mwanzo. Hasara yake ni kwamba pleti huisha tena, na zinaisha mapema zaidi kwa sababu ambayo wenye magari hapa huidharau: matairi yasiyolingana.

Tairi la 265/65R17 jipya lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Likila milimita 8 za meno, kipenyo kinapungua milimita 16. Jipya linazunguka mara 410 kwa kilomita, lililokwisha karibu mara 419. Tairi hubonyea likiwa na mzigo, kwa hiyo tofauti ya kweli ni ndogo kuliko hiyo, lakini hata ukiikata nusu, safari ya Kampala hadi Mbarara, kilomita 270 hivi, inazisugua pleti kwa zaidi ya mizunguko elfu moja isiyo na faida, kwenye barabara iliyonyooka. Oili inachemka, pleti zinang'aa, LSD inakufa kabla haijakusaidia hata mara moja. Ukinunua matairi mawili tu, yakae ekseli moja. Spea ikiwa mpya na mengine yamekwisha, ifunge mbele na hamishia nyuma la mbele linalolingana, hata kama ni kazi ya dakika 20 kwenye jua la Lyantonde.

Oili ndiyo inayoua zaidi kuliko tope. Pleti zinahitaji GL-5 (daraja la oili ya difu) iliyoandikwa LSD kwenye kopo, kwa kawaida 85W-90 au ile kitabu cha gari kinachotaja, au GL-5 ya kawaida pamoja na dawa ya kurekebisha msuguano. Vichupa vingi vya Kimarekani vina mililita 118 na kimoja kinatosha difu moja. Ukikosa dawa, gari linatetemeka na kukoroma ukikata kona ya kubana polepole, hasa oili ikishapata moto. Ukizidisha, pleti zinateleza na umerudi kwenye difu ya kawaida kwa gharama kubwa. LSD ya gia ni kinyume kabisa: Truetrac inataka GL-5 ya madini, 80W-90, bila dawa yoyote, kwa kuwa msuguano unaoondolewa na dawa ndio unaofanya kazi. Fundi anayemwaga oili ya LSD kwenye kila kitu chenye jina LSD anaipunguza nguvu bila kujua.

Ukimwaga, fungua kwanza plagi ya juu. Kwenye Toyota za zamani ni spana ya 24, na ikiwa imeshikwa na kutu, ni heri uligundue hilo oili ikiwa bado ndani. Angalia kilichonasa kwenye plagi ya chini: uji laini wa kijivu ni kawaida, sindano na magamba ya chuma si kawaida. Oili nyeupe-nyeupe ina maji. Jaza mpaka itiririke kwenye tundu la juu gari likiwa limelala sawa. Hilux na Prado nyingi zinachukua kati ya lita 2 na 3, au zaidi kidogo, basi nenda dukani ukanunue lita 4. Vitabu husema kilomita nyingi kati ya oili na oili, lakini kwa vumbi na mito yetu kilomita 20,000 ni mwisho kwa difu ya pleti.

Kuhusu kufunga. Toyota nyingi zina uzuri mmoja: difu inatoka mbele ya ekseli ikiwa kipande kizima, kazi yote inafanyika mezani. Ekseli ya Hilux na Prado inabeba uzito kwenye hafshafti (shafti inayotoka difu hadi gurudumu), hivyo lazima ufungue breki, utoe nati nne za bamba la nyuma na uvute hafshafti na beringi yake. Paipu ya breki ikifunguliwa breki zitolewe hewa, na waya wa ABS usivutwe. Land Cruiser 79 na 80 zenye ekseli ya nyuma yenye habu zinazobeba uzito ni rahisi zaidi, hafshafti inachomoka bila hata kutoa tairi. Hesabu meno ya hafshafti kabla ya kuagiza; Hilux za zamani za difu ya inchi 8 ni 30.

Usiguse pinioni, gia ndogo inayoizungusha krauni, ile gia kubwa ya difu. Kama krauni na pinioni ni nzima, unahamisha krauni tu kwenye kasha jipya, na kina cha pinioni kinabaki kama kilivyowekwa kiwandani. Weka beringi mpya za kasha. Krauni ichemshwe kwenye maji hadi nyuzi 100 hivi ili iketi bila kugongwa, boliti zikazwe kwa mkingamo hadi nyutoni-mita 97 kwa difu ya inchi 8, na gundi ya boliti ipakwe kwenye nyuzi safi, zilizokauka. Kisha nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni: 0.13 hadi 0.18 milimita, ipimwe kwa daigeji (kipimo chenye uso kama wa saa) sehemu tatu au nne za mzunguko. Hapa ndipo gereji zinapotengana. Asiye na daigeji atakuambia anapima kwa mkono kwa kutikisa, na mkono hauwezi kutofautisha 0.15 na 0.30. Nafasi ikiwa kubwa utasikia mlio wa kugonga ukiachia na kukanyaga mafuta. Ikiwa ndogo difu inalia kwa sauti nyembamba kwenye mwendo wa 80 na inaungua. Paka rangi meno kumi hivi ya krauni, zungusha ukiwa umezuia kidogo, alama iwe katikati ya jino. Ukimkuta fundi anayefanya haya bila kuambiwa, mlipe anachotaka.

Ekseli ya mbele iache ilivyo, hasa kwa Prado na Land Cruiser 80 ambazo mbele panavuta wakati wote. LSD ya pleti huko inaufanya usukani uwe mzito na ujivute wenyewe kwenye kona. Katika magari hayo hayo kumbuka kuiloki difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kabla ya tope. Isipolokiwa, utelezi wa mbele unaila faida yote uliyoinunua nyuma.

Pleti mpya zizoeshwe: uwanja mpana, mizunguko mikubwa ya polepole kama kumi kila upande, kisha oili imwagwe baada ya kilomita 800 hadi 1,000, kwa sababu ya kwanza hubeba unga wa pleti. LSD ya gia haihitaji kuzoeshwa, ila oili ya kwanza imwagwe vivyo hivyo.

Na siku difu imefunguliwa, maliza kazi ya briza. Hiyo ni kile kifuniko kidogo juu ya ekseli kinachotoa hewa. Difu ya moto ikizama kwenye kijito, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili na briza yenyewe, ambayo mara nyingi imeziba kwa tope la miaka. Itoe, funga kiungo cha paipu mahali pake, na upandishe mpira wa mafuta hadi nyuma ya taa au karibu na mdomo wa tangi, ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli iruke bila kuukata. Mpira wa mita 2 na klipu mbili. Kagua baada ya wiki moja kama haujaguswa na paipu ya moshi.